Muulizeni Sungura Asiye na Bakteria

Kiungo bandia kikianza kuuma mwaka mmoja au miwili baada ya upasuaji, swali linalomkabili daktari wa mifupa ni moja: kimelegea chenyewe, au kimeingiwa na bakteria? Kwa macho hali hizi mbili hufanana. Mgonjwa anachechemea, goti limejaa kidogo, usiku usingizi hauji. Eksirei huweza kuonyesha ufa mweusi kati ya simenti inayokishikilia kiungo na mfupa, lakini ufa huo hausemi umeletwa na nini. Na jibu ndilo linaloamua miezi inayofuata ya mtu huyo. Kiungo kikiwa kimelegea tu, hubadilishwa kwa upasuaji mmoja. Kikiwa na bakteria, mara nyingi hung'olewa, pengo likajazwa simenti iliyochanganywa na antibiotiki, mgonjwa akakaa wiki kadhaa kwenye dawa, ndipo arudi mezani kuwekewa kingine. Ukimng'oa mtu kiungo ambacho hakikuwa na bakteria, umemtesa bure. Ukimwekea kipya juu ya bakteria waliojificha, umemwandalia upasuaji wa tatu.

Zamani jambo hili lilikuwa la mbali na sisi wa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya. Aliyehitaji goti jipya alipelekwa Nairobi au akachangiwa nauli ya India. Siku hizi viungo vinabadilishwa Eldoret, Nakuru na Kisumu, na ukiingia wodi ya mifupa ya hospitali yoyote ya rufaa ya huku utawakuta vijana wa boda boda wenye vyuma ndani ya mapaja na miundi. Chuma chochote kinachoachwa mwilini kina hatari hiyo hiyo. Mwaka 1957, watafiti Elek na Conen walionyesha kwa watu waliojitolea kwamba uzi wa kushonea ukiachwa ndani ya ngozi hupunguza takriban mara 10,000 idadi ya bakteria wanaohitajika kuleta usaha. Uzi tu. Sasa fikiria goti zima la chuma na plastiki.

Ndiyo maana kila utafiti unaosema picha za nyuklia zimegundua maambukizi kwenye viungo bandia vya wanyama hupokelewa kwa furaha, na mimi ni miongoni mwa wanaofurahi. Wanaougua ni watu wetu, na uhakika wa mapema ungewaokoa na mateso mengi. Lakini nina msimamo kuhusu namna tafiti hizi zinavyopaswa kusomwa. Wasomaji wengi humtazama sungura aliyetiwa bakteria na goti lake likawaka kwenye skrini. Mimi namtafuta mwenzake, yule aliyewekewa kipandikizi kile kile, akapata uvimbe ule ule, ila hakutiwa bakteria. Yeye ndiye mwenye jibu.

Nieleze kwanza kinachofanyika. Eksirei hupitisha miale mwilini kutoka nje. Picha ya nyuklia hufuata njia ya kinyume: unadungwa dawa kidogo iliyofungwa na chembe inayotoa miale, dawa inasambaa mwilini, kisha kamera ya gama inapokea miale inayotoka ndani yako. Chembe inayotumika zaidi duniani ni teknetiamu-99m, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita. Kamera huona teknetiamu peke yake. Haijui imebebwa na nini wala imefuata nini. Kwa hiyo ukisikia picha imewaka, swali la kwanza ni hili: teknetiamu ilifungwa na kitu gani, na kitu hicho hukimbilia wapi?

Tumwangalie sungura mmoja kwa karibu. Ana kilo tatu. Amedungwa dawa ya usingizi na kulazwa chali, miguu ya nyuma imenyooshwa na kubandikwa utepe ili isisogee. Dawa imeingizwa kwenye mshipa mwembamba wa pembeni mwa sikio. Wiki chache kabla, goti lake la kulia liliwekewa kipandikizi kidogo, kikatiwa bakteria waitwao Staphylococcus aureus, waliohesabiwa. Kwenye skrini goti hilo linawaka, na mtu mwenye haraka angeishia hapo. Lakini sungura akiwa bado anakua, ncha za mifupa kwenye magoti yote mawili zinawaka pia, kwa sababu hapo ndipo mfupa unaporefuka, na dawa inayofuata ujenzi wa mfupa hukimbilia huko huko. Kibofu kinawaka kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa dawa iliyobaki hutoka kwa mkojo, na mwanga wake huweza kuficha kinachoendelea nyongani. Ukimleta sungura wa pili, aliyewekewa kipandikizi safi, goti lake nalo linawaka, maana mfupa uliochongwa juzi bado unajiponya.

Hapo ndipo ilipo shida ya picha ya kawaida ya mfupa. Dawa yake hufuata mahali mfupa unapojengwa, na mfupa hujengwa kwa sababu nyingi. Kwa binadamu, eneo la kiungo bandia huweza kuendelea kuwaka mwaka mzima au zaidi baada ya upasuaji uliokwenda vizuri kabisa. Nguvu ya picha hii iko pale inapokataa: isipowaka, maambukizi ni vigumu kuwapo. Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na Jumuiya ya Ulaya ya Maambukizi ya Mifupa na Viungo unaikubali kwa kazi hiyo hasa. Ni kazi ndogo, lakini ni ya thamani, na nitairudia baadaye.

Njia ya pili ni kufuata chembe nyeupe za damu, askari wanaokimbilia penye bakteria. Damu hutolewa, chembe nyeupe hutenganishwa, hufungwa na teknetiamu au indiamu-111, chembe nyingine inayotoa miale, kisha hurudishwa mwilini. Kwa mtu mzima hutolewa mililita 40 hivi, na hilo halimsumbui. Kwa sungura wa kilo tatu ni habari nyingine kabisa. Damu yake yote haizidi sana mililita 180, na kwa mara moja hupaswi kumtoa zaidi ya asilimia 10. Panya mdogo wa maabara ana mililita mbili tu mwili mzima. Kwa sababu hiyo watafiti huchukua damu kutoka kwa wanyama wengine na kuwadunga wale wanaochunguzwa. Hapo tayari jaribio limeanza kutofautiana na kile kinachofanyika hospitalini: chembe ni za mwingine, zimeshikwashikwa, na hatujui zinatembea kama za mwenyewe au la.

Kuna utata mwingine ambao umewaangusha hata mabingwa. Chembe nyeupe hukaa kwenye uboho pia, na kiungo bandia kikichomekwa mfupani huusukuma uboho kutoka mahali pake pa kawaida. Unaona mwanga pembeni mwa chuma, unadhani ni askari wamekusanyika vitani, kumbe ni kambi yao imehamishwa. Waliotatua jambo hili walipiga picha mbili, moja ya chembe nyeupe na nyingine ya uboho, kwa dawa ya salfa koloidi ambayo hukaa penye uboho. Picha zikifanana, ni uboho. Chembe nyeupe zikiwapo mahali ambapo picha ya uboho ni giza, hapo kuna maambukizi. Usahihi wa picha hizi mbili zikisomwa pamoja umeripotiwa kufikia takriban asilimia 90, na hadi leo sijaona njia ya nyuklia iliyojengwa kwa mantiki nzuri kuliko hii, kwa sababu imejengwa juu ya kuuliza ni nini kingine kingeweza kuwaka.

Njia ya tatu ni skani ya PET, aina nyingine ya picha ya nyuklia, ambayo hutumia sukari iliyofungwa na florini-18, nayo chembe inayotoa miale, na hupeleleza seli zenye njaa. Picha zake ni kali na nzuri kwa macho. Lakini seli zinazosafisha vumbi la plastiki inayolika kwenye kiungo cha zamani nazo zina njaa, na shingo ya nyonga bandia huweza kuwaka miaka mingi bila bakteria hata mmoja.

Kinachonivutia zaidi ni juhudi za kumfuata bakteria mwenyewe, wala si mfupa au askari. Wazo la mapema lilikuwa kufunga teknetiamu na siprofloksasini, antibiotiki tunayoijua sote, kwa hoja kwamba antibiotiki itamng'ang'ania bakteria na kuacha uvimbe mtupu. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilisaidia kuijaribu kwa wagonjwa wa nchi nyingi, na taarifa za kwanza zilitia moyo sana. Baadaye watafiti wengine waliijaribu kwenye viungo vilivyovimba bila bakteria, vikawaka vile vile. Damu nyingi ikikimbilia mahali penye uvimbe, na mishipa ikavuja kidogo, karibu dawa yoyote ndogo itaonekana pale. Laiti sungura asiye na bakteria angeulizwa mapema na kwa ukali zaidi, wagonjwa wengi wasingepewa matumaini yaliyozidi.

Baada yake kikaja kipande kidogo cha protini kiitwacho UBI 29-41. Kina asidi amino 13, na sita kati yake zina chaji chanya, huku ngozi ya bakteria ikiwa na chaji hasi. Kinashikana na bakteria kwa mvuto huo. Kwa wanyama, tofauti kati ya paja lenye bakteria na paja lenye uvimbe usio na bakteria imeonekana mara kwa mara, na kwa watu pia matokeo ni mazuri. Kwetu kina faida ambayo haisemwi vya kutosha: hakihitaji kutoa damu, kuichezea maabara na kuirudisha mwilini. Mahali ambapo wagonjwa kadhaa huchakatiwa damu siku moja, chumba hicho hicho, kosa la kubadilisha mirija linaweza kumpa mtu virusi vya mwenzake. Katika eneo letu, ambako kaunti za kandokando ya Ziwa zimekuwa zikibeba mzigo mkubwa kuliko zote nchini wa virusi vya ukimwi, hatari hiyo inataka vyumba maalumu na nidhamu ya chuma. Dawa iliyo tayari kwenye chupa, unayoongeza teknetiamu na kudunga, inatufaa zaidi.

Hata hivyo sijawa tayari kuchukua matokeo ya wanyama na kuyahamishia wodini. Sungura wa majaribio ni kijana, ana afya, ametiwa bakteria wengi kwa siku moja, na mara nyingi ni Staphylococcus aureus, anayewaka kwa hasira. Picha hupigwa siku au wiki chache baadaye, moto ukiwa umepamba. Mgonjwa anayetusumbua ana Staphylococcus epidermidis, bakteria mpole wa ngozi aliyeingia siku ya upasuaji akajenga utando juu ya chuma na kulala humo. Hakuna homa. Askari ni wachache. Bakteria waliolala hawali, hawazaliani, na dawa inayowatafuta huweza kupita bila kuwaona.

Tena mgonjwa wetu hafiki akiwa hajaguswa. Kabla ya kumwona daktari wa mifupa amepitia duka la dawa akapewa antibiotiki za siku tatu, akapata nafuu, akarudi akapewa nyingine. Dawa hizo haziui bakteria walio ndani ya utando, ila zinawanyamazisha kiasi kwamba hata wakioteshwa maabara hawaoti. Ningependa kuona utafiti ambao sungura wake wamepewa maambukizi ya polepole, wakaachwa miezi kadhaa, wakapewa antibiotiki nusunusu kama wanavyopewa watu wetu, ndipo wapigwe picha. Na pembeni yao wawepo sungura ambao kipandikizi chao kimelegezwa kwa makusudi bila bakteria. Dawa itakayowatofautisha hao nitaiamini.

Utafiti huo unaweza kufanyika hapa. Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kina kitivo cha tiba na upasuaji wa mifugo. Kina watu wanaojua kumlaza sungura, kumfanyia upasuaji bila uchafu na kumtunza asiteseke. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataka kibali kwa majaribio ya namna hii, na inastahili kuheshimiwa kwa moyo wote. Picha za nyuklia zenyewe zinasaidia katika hilo, kwa kuwa sungura mmoja huweza kufuatiliwa wiki baada ya wiki badala ya kuua kundi zima kila wiki ili kufungua magoti. Usalama wa mionzi nao haushindikani: mkojo, kinyesi na nyasi za kizimba zikitengwa saa 60, teknetiamu iliyomo hubaki chini ya sehemu moja ya elfu. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Kinachokosekana ni teknetiamu yenyewe na kamera, na hapa ndipo wanaopanga bajeti wa kaunti wanapaswa kusikiliza hesabu. Vinu vya kutengeneza florini-18 viko Nairobi na viunga vyake. Florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Ikitoka huko kwa gari, kwa saa tatu hivi hadi Nakuru imebaki theluthi moja. Ikiendelea Mau Summit, Kericho, Ahero hadi Kisumu, imebaki chini ya sehemu moja ya kumi. Ndege ya Kisumu ni chini ya saa moja hewani, lakini ukiongeza kupima ubora, kufunga kwenye kasha la madini ya risasi, barabara ya uwanjani pande zote mbili na ukaguzi, umerudi kwenye zile saa tatu. Anayeahidi skani ya PET kwa kila mji wa magharibi aeleze kwanza sukari yake itatoka wapi. Wagonjwa wachache wanaohitaji PET kweli wasaidiwe nauli hadi Nairobi.

Teknetiamu ina njia tofauti. Huzaliwa kutoka kwa molibdenamu-99, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66, na molibdenamu hiyo husafirishwa ndani ya kasha la risasi linalokamuliwa kila asubuhi. Kasha likifika Kisumu Jumatatu, Ijumaa bado lina zaidi ya theluthi ya nguvu yake. Afrika ina chanzo chake: kinu cha SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, ni miongoni mwa vichache duniani vinavyotoa molibdenamu kwa wingi. Dunia ilijifunza uchache huo mwaka 2009, kinu cha Chalk River nchini Kanada kiliposimama zaidi ya mwaka mmoja na hospitali za nchi tajiri zikapanga foleni. Kamera moja ya gama katika hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wakaazi wa Kisumu bado wanaiita Russia, pamoja na kasha moja kwa wiki, ingehudumia pia saratani, figo na tezi. Viungo bandia peke yake havingelipia gharama hiyo, na sitadai vingelipia.

Lakini kabla ya kamera kuna sindano. Mwongozo ule ule wa Ulaya unasema majimaji ya kiungo yakiwa na chembe nyeupe zaidi ya 3,000 kwa kila mikrolita, nje ya wiki za mwanzo baada ya upasuaji, maambukizi yamethibitishwa. Picha ya chembe nyeupe ikiwaka, mwongozo unasema tu kwamba maambukizi yanaelekea kuwapo. Yaani sindano na darubini, vikitumiwa vizuri, vinasema kwa uhakika zaidi kuliko kamera ya mamilioni. Hospitali ya kaunti ikiwa na daktari anayejua kufyonza goti bila kuchafua sampuli, maabara inayohesabu siku hiyo hiyo na kuotesha kwa hadi wiki mbili kwa ajili ya bakteria wanaochelewa, na mgonjwa aliyeachishwa antibiotiki wiki mbili kabla pale hali yake inaporuhusu, wengi watapata jibu bila kupigwa picha yoyote ya nyuklia. Inaniuma kuona mashine zikinunuliwa huku sampuli za majimaji zikikaa benchini hadi jioni kwa kukosa mtu wa kuzihesabu.

Kamera basi ni ya nani? Ni ya yule ambaye sindano ilitoka kavu, jambo la kawaida kwa nyonga, ambayo iko ndani na ina majimaji machache. Ni ya yule ambaye hesabu ya chembe imekaa katikati, haisemi ndiyo wala siyo. Mama wa kutoka Ahero mwenye nyonga bandia ya miaka mitatu inayomuuma, ambaye ESR yake, kipimo cha damu kinachoashiria uvimbe mwilini, imepanda kidogo na sindano haikutoa kitu, huyo ndiye ningemweka wa kwanza kwenye foleni. Aanze na picha ya mfupa ya hatua tatu, inayopigwa dawa ikipita kwenye damu, ikituama, kisha ikishika mfupa, kibofu kikiwa kimemwagwa. Ikiwaka, aendelee na picha ya chembe nyeupe na ya uboho, hata kama itabidi asafiri. Isipowaka, daktari wake ana sababu nzuri ya kuacha kutafuta bakteria na kuuchunguza mgongo, ambao mara nyingi hupeleka maumivu yake nyongani.